Maji ya Chumvi au Heparini? Mwongozo Kamili wa Kusuuza na Kufunga Kanula na Katheta

Kanula, ule mrija mfupi unaowekwa mshipani, ikiziba, wodini huzuka swali lilelile: tungeweka heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), si isingeziba? Mara nyingi jibu ni hapana. Imeziba kwa sababu maji yaliyosukumwa yalikuwa machache mno. Au yalitosha, lakini damu ikarudi nyuma wakati bomba la sindano linachomolewa. Au dawa mbili zisizopatana zimekutana ndani ya mrija na kuganda kama chokaa. Heparini haiponyi hata kosa moja kati ya haya, na yenyewe inakuja na hatari zake.

Nimeuandika mwongozo huu kwa muuguzi aliye kazini, mwenye trei mkononi na mgonjwa mbele yake. Unakwenda kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Mahali ambapo kanuni za hospitali yako au maelekezo ya mtengenezaji wa katheta (mrija mrefu zaidi wa mshipani) yanasema tofauti, fuata hayo.

## Mahitaji

- Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yasiyo na kihifadhi, yawe kwenye bomba lililojazwa kiwandani au kwenye ampuli ya kutumika mara moja.
- Mabomba ya mililita 10. Madogo zaidi yaache. Sababu iko Hatua ya 6.
- Vitambaa vya spiriti ya asilimia 70, au klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) iliyochanganywa na spiriti.
- Glovu safi. Kwa poti (kikopo kidogo kilicho chini ya ngozi, kilichounganishwa na katheta), glovu tasa na sindano maalumu ya poti.
- Kofia mpya tasa ya kufunika mdomo wa mrija.
- Lebo, kalamu na chati ya mgonjwa.
- Heparini, ikiwa tu imeandikwa kwenye chati ya dawa. Ibaki kabatini mpaka umemaliza Hatua ya 4.

Ile chupa ya nusu lita inayotobolewa asubuhi, ikachotwa na kila zamu hadi usiku, haimo kwenye orodha hii. Maji ya chumvi hayana kitu cha kuua vijidudu. Sindano moja iliyochafuka ikiingia mara moja tu, kila mgonjwa atakayesuuzwa baada ya hapo anaweza kuingiziwa maambukizi moja kwa moja kwenye damu. Tafadhali usiitumie hata siku ambayo ampuli ni chache. Siku hiyo omba ampuli.

## Hatua ya 1: Tambua mrija ulio mbele yako

Uamuzi wote unaanzia hapa, na hapa ndipo unapoharibika mara nyingi. Usiulize kwanza "tuna nini kabatini?" Uliza "huu ni mrija gani, na ncha yake iko wapi?"

Kanula fupi ya mkononi ncha yake iko kwenye mshipa mdogo. Katheta ndefu inayoingilia mkononi, na ile ya shingoni au kifuani, ncha zake ziko kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Poti imezikwa chini ya ngozi. Katheta ya kusafisha damu kwa mashine ni nene na ina njia mbili, moja yenye alama nyekundu na nyingine ya buluu. Mrija wa ateri umeunganishwa na kipimo cha shinikizo la damu kinachoonekana kwenye skrini.

Soma pia maandishi yaliyo kwenye katheta na kwenye klampu zake, yaani vibanio vya kufunga mrija. Baadhi ya katheta zina vali inayojifunga yenyewe, na hizo nyingi zimetengenezwa zifungwe kwa maji ya chumvi tu.

Umefaulu ikiwa unaweza kumwambia mwenzako kwa sentensi moja: aina ya mrija, una njia ngapi, na uliwekwa lini.

## Hatua ya 2: Tenganisha kusuuza na kufunga

Kusuuza ni kupitisha maji ili kuondoa damu na mabaki ya dawa, na kuhakikisha njia iko wazi. Kufunga ni kuacha kimiminika ndani ya mrija usiotumika, kikae humo hadi matumizi mengine.

Kusuuza ni kazi ya maji ya chumvi, kwa mgonjwa yeyote na mrija wowote, isipokuwa pale dawa yenyewe inapokataa chumvi. Heparini haisuuzi. Haina nguvu ya kuondoa damu iliyokwisha kunata ukutani, wala haiyeyushi bonge lililokwisha kuganda. Inazuia bonge jipya lisitengenezwe, basi. Kwa hiyo "maji ya chumvi au heparini?" ni swali la kufunga peke yake. Ukishalielewa hili, nusu ya ubishi wa wodini umekwisha.

## Hatua ya 3: Chagua cha kufungia

Kanula ya mkononi, mtu mzima. Maji ya chumvi. Uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja, uliochapishwa mwaka 1991 na tena mwaka 1998, ulionyesha kuwa heparini ya yuniti 10 kwa mililita haikushinda maji ya chumvi katika kuziweka wazi kanula zinazofungwa kati ya dozi na dozi. Kama wodi yako bado inaweka heparini kwenye kanula za kawaida, hiyo ni desturi iliyobaki nyuma. Zungumza na msimamizi wako.

Katheta ya mshipa mkubwa. Hapa hospitali zinatofautiana, na kila upande una hoja. Tafiti zilizolinganisha vimiminika hivi viwili zimekuta tofauti ndogo au hazikuiona kabisa, na ubora wa ushahidi wenyewe si mkubwa. Msimamo wangu ni huu: kama hakuna agizo la heparini, maji ya chumvi yanatosha mradi mbinu iwe sahihi. Hospitali inayotumia heparini kwa mtu mzima kwa kawaida hutumia yuniti 10 kwa mililita.

Poti. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa heparini ya yuniti 100 kwa mililita, mililita 3 hadi 5. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa zaidi ya wagonjwa 800 wa saratani wenye poti, na maji ya chumvi hayakuonekana kuwa duni. Fuata kilichoandikwa kwenye mpango wa mgonjwa. Usibadilishe peke yako, kwani poti moja huhudumiwa na watu wengi kwa miezi au miaka.

Katheta ya kusafisha damu. Hii hufungwa kwa heparini nzito, mara nyingi yuniti 1,000 kwa mililita na penginepo zaidi, au kwa sitreti ya asilimia 4, nayo huzuia damu kuganda. Ujazo ni ule uliochapishwa kwenye kila njia. Kama wewe si wa kitengo hicho, usiiguse kwa dripu, kwa kuchukua damu, wala kwa "kuisuuza kidogo". Fikiria njia mbili zenye mililita 1.6 na 1.7, zimejazwa heparini ya yuniti 5,000 kwa mililita. Ukisukuma bila kuvuta kwanza, umempa mgonjwa yuniti 16,500 kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni dozi ya kumfanya atokwe damu.

Mrija wa ateri. Hausubiri kufungwa, unapitisha maji muda wote, takriban mililita 3 kwa saa, kutoka kwenye mfuko uliobanwa kwa shinikizo la milimita 300 za zebaki. Vitengo vingi hutumia maji ya chumvi matupu. Vingine huongeza heparini kidogo, na kuna tafiti zilizoona mrija unadumu zaidi ukiwa nayo. Lakini usitundike maji ya glukosi hapo kamwe. Damu itakayochukuliwa kwenye mrija huo itachanganyika na glukosi, kipimo kitaonyesha sukari imepanda, mgonjwa atapewa insulini asiyoihitaji, na sukari yake halisi inaweza kuporomoka hadi kumuua. Mifuko hii hufanana sana ikiwa imefunikwa na kibanio cha shinikizo, kwa hiyo soma lebo kabla ya kuufunika.

Mtoto mchanga. Kwa kanula ya kawaida, maji ya chumvi yasiyo na kihifadhi, kwa ujazo mdogo ulioandikwa. Kwa katheta ya ateri ya kitovu, heparini ya kiwango cha chini sana inayopita mfululizo, kati ya yuniti 0.25 na 1 kwa mililita, husaidia njia isizibe. Hapa huwa naipendelea heparini bila kusita, ila iandaliwe na famasia, si kando ya kitanda.

## Hatua ya 4: Kabla ya heparini, mchunguze mgonjwa

Heparini ya kufungia ni dawa kama dawa nyingine. Lazima iwe imeandikwa, ikiwa na nguvu yake, ujazo wake na muda wake. Kisha angalia haya:

Je, amewahi kupata upungufu wa chembe sahani (chembe zinazosaidia damu kuganda) uliosababishwa na heparini? Kama ndiyo, hata tone la kufungia ni marufuku. Kwa mtu huyu kinga ya mwili huchokozwa na kiasi chochote, na matokeo yake ni kinyume cha unavyotarajia: damu inaganda ovyo, miguuni, mapafuni, hata kwenye ubongo. Chunguza pia kama katheta yenyewe ilipakwa heparini kiwandani.

Je, anatokwa damu, ametoka upasuaji, au chembe sahani zake ziko chini? Rudi kwa daktari kwanza.

Je, anatumia heparini nyingine au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda? Jumlisha zote. Mgonjwa mwenye katheta ya njia tatu, kila njia ikiwekewa mililita 5 za yuniti 100 kwa mililita, mara nne kwa siku, ameletewa yuniti 6,000 kwa siku kupitia kitu ambacho wodini hakihesabiwi hata kama dawa. Dozi ya kawaida ya kuzuia damu kuganda ni yuniti 5,000, mara mbili au tatu kwa siku. Linganisha mwenyewe.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalitaji: heparini nyingi hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Wapo wagonjwa ambao kwa imani yao hili ni jambo zito, na wana haki ya kulijua kabla, hasa maji ya chumvi yanapoweza kufanya kazi hiyohiyo.

Umefaulu ikiwa maswali yote yana majibu. Swali moja likibaki bila jibu, funga kwa maji ya chumvi huku ukitafuta ufafanuzi. Katheta ya kusafisha damu pekee ndiyo isiyoingia hapa. Kwa hiyo piga simu kitengo chake.

## Hatua ya 5: Soma lebo, kisha hesabu

Mwaka 2006, katika hospitali moja ya Indianapolis, Marekani, vichupa vya heparini ya yuniti 10,000 kwa mililita viliwekwa kwenye droo ya vichupa vya yuniti 10. Watoto njiti sita walisuuzwa kwa dawa iliyokuwa na nguvu mara elfu moja zaidi. Watatu walikufa. Rangi za vichupa zilifanana, na kila aliyechota aliamini droo.

Usiamini droo, wala rangi ya kifuniko. Soma jina, soma nguvu kwa kila mililita, soma ujazo wote wa kichupa, soma tarehe ya mwisho. Soma wakati wa kuchukua, wakati wa kuchota, na kabla ya kutupa. Mwenzako naye asome bila wewe kumtajia unachotegemea akione.

Ampuli za maji ya chumvi nazo zina mapacha wao: kloridi ya potasiamu, maji ya sindano, dawa ya ganzi. Potasiamu ikisukumwa kwa mkupuo inasimamisha moyo. Hakuna hatua katika mwongozo huu unayoweza kuiruka, lakini hii hasa isome hata ukiwa umechoka.

Ni bora heparini ya kufungia ije tayari ikiwa na nguvu sahihi. Ikilazimika kuchanganywa, kazi hiyo ni ya famasia. Hesabu yake ni hii, ili uweze kuikagua: mililita 1 ya heparini ya yuniti 5,000 kwa mililita, ukiongeza mililita 49 za maji ya chumvi, unapata mililita 50 zenye yuniti 100 kwa kila mililita. Ukichukua mililita 1 ya mchanganyiko huo na kuongeza mililita 9, unapata yuniti 10 kwa mililita. Watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake, kisha walinganishe.

Bandika lebo kwenye bomba mara tu unapolijaza. Andika neno "yuniti" lote. Herufi U iliyoandikwa kwa haraka husomeka kama sifuri, na 10 inageuka 100.

## Hatua ya 6: Sugua, vuta, sukuma

Nawa mikono, vaa glovu. Sugua mdomo wa kiunganishi, kile kipande cha mwisho wa mrija unapochomeka bomba, kwa spiriti, juu na pembeni, kwa nguvu, angalau sekunde 15. Kisha subiri kikauke chenyewe. Usipulize, usipepee. Spiriti isipopewa muda wa kukauka haijamaliza kuua, na mdomo ulio majimaji unasukuma uchafu ndani.

Toa hewa kwenye bomba. Kama ni bomba la kiwandani, lisukume kidogo kwanza ili pistoni iachie, ndipo ufungue kofia.

Sababu ya mililita 10: kadiri bomba lilivyo jembamba, ndivyo kidole kilekile kinavyozalisha shinikizo kubwa zaidi. Bomba la mililita 2 linaweza kupasua katheta, au kulirusha bonge la damu hadi mapafuni. Ukitumia bomba pana, mkono wako unahisi ukinzani mapema, kabla madhara hayajatokea.

Sasa vuta taratibu. Kwenye katheta ya mshipa mkubwa, damu lazima irudi, nyekundu na kwa urahisi, kabla hujasukuma chochote. Kwenye kanula ya mkononi damu inaweza isirudi hata kama kanula ni nzima; hapo tegemea macho na mgonjwa. Mwambie: "Ukisikia maumivu, kuungua au kubanwa, niambie papo hapo."

Sukuma kwa mapigo mafupi: mililita moja, tulia, mililita moja, tulia. Mtiririko wa mapigo unazungukazunguka ndani ya mrija na kubandua kilichonata ukutani, ilhali msukumo mmoja laini unapita katikati na kuacha uchafu pembeni.

Ujazo usiwe chini ya mara mbili ya nafasi iliyo ndani ya katheta pamoja na viunganishi vyake. Kwa mtu mzima, mililita 5 kwa kanula ya mkononi na 10 kwa katheta ya mshipa mkubwa hufanya kazi. Baada ya kupitisha damu, kuchukua sampuli, au chakula cha mshipani, tumia 20. Kwa mtoto na kwa mgonjwa anayepimiwa maji, ingiza kila mililita kwenye chati ya maji.

Umefaulu ikiwa maji yameingia bila ukinzani, bila maumivu, bila uvimbe, bila ngozi kuwa baridi au kupauka kuzunguka kanula, na hakuna kinachovuja kwenye bandeji.

Onyo kubwa. Usisuuze njia ambayo noradrenalini, dopamini, potasiamu au dawa nyingine ya kupitishwa polepole inapita au imeacha mabaki. Mililita chache zilizobaki ndani ya mrija zitaingia zote kwa mkupuo. Vuta mabaki kwanza, au tumia njia nyingine. Vivyo hivyo kwa mgonjwa aliyerudi kutoka chumba cha upasuaji: dawa ya kulegeza misuli iliyosahaulika ndani ya kanula, ikisukumwa saa moja baadaye wodini, inaweza kumfanya ashindwe kupumua huku akiwa macho. Wakati wa kumpokea, uliza kama kanula ilisuuzwa kabla ya kutoka.

## Hatua ya 7: Zuia dawa zisikutane

Utaratibu ukiwa na heparini ni huu: maji ya chumvi, dawa, maji ya chumvi, heparini. Ukiwa hauna heparini, ni maji ya chumvi, dawa, maji ya chumvi.

Yale maji ya katikati ndiyo yanayorukwa zamu inapokuwa na kazi nyingi, na ndiyo yanayookoa katheta. Gentamisini, amikasini na vankomisini hazipatani na heparini. Zikikutana hutengeneza chembe ngumu ndani ya mrija. Seftriaksoni na dawa yenye kalisiamu ni hatari hivyohivyo, na kwa mtoto mchanga zisitumiwe pamoja kabisa hata kwa mirija tofauti. Fenitoini huganda kwenye glukosi, kwa hiyo yenyewe inahitaji maji ya chumvi. Amfoterisini B ni kinyume: huharibika kwenye chumvi. Isuuze kwanza kwa glukosi ya asilimia 5, kabla na baada, kisha malizia na maji ya chumvi ili glukosi isibaki kuwa chakula cha vijidudu.

Maji ya kwanza baada ya dawa yasukume kwa mwendo uleule wa dawa. Yana dawa mbele yake.

## Hatua ya 8: Funga damu isirudi

Hapa ndipo ninapoamini katheta nyingi hupotea, na ni jambo la sekunde mbili.

Usilimalize bomba. Acha kama nusu mililita ndani. Pistoni ikigonga mwisho hurudi nyuma kidogo unapoachia kidole, na kurudi huko kunavuta damu ndani ya ncha ya katheta. Damu hiyo ndiyo itakayoganda usiku, na asubuhi utaambiwa maji ya chumvi hayafai.

Mpangilio wa klampu unategemea kiunganishi kilichopo:

- Kiunganishi cha kawaida kinachovuta damu nyuma unapochomoa: endelea kusukuma, funga klampu huku unasukuma, kisha chomoa.
- Kiunganishi kinachosukuma mbele unapochomoa: chomoa kwanza, kisha funga klampu. Ukikifunga mapema, umekinyima kazi yake.
- Kiunganishi kisichovuta wala kusukuma: mpangilio wowote.

Tafuta karatasi iliyokuja na viunganishi vya wodi yako leo, kisha iandike aina yake ukutani kwenye chumba cha dawa. Nimeona wodi ikibishana juu ya heparini kwa muda mrefu kumbe watu wote walikuwa wanakosea mpangilio huu mmoja.

Ukifunga kwa heparini, mpangilio ni uleule: suuza kwanza kwa maji ya chumvi, kisha weka heparini kwa ujazo ulioandikwa. Kwa poti, sindano itolewe huku unasukuma mililita ya mwisho.

Kanula isiyotumika isuuzwe kila baada ya saa 8 hadi 12. Na kama haijatumika siku nzima, swali sahihi ni kwa nini bado ipo mkononi mwa mgonjwa.

## Hatua ya 9: Andika

Tarehe, saa, njia ipi, kimiminika gani, nguvu, ujazo, damu ilirudi au la, sahihi. Katheta iliyofungwa kwa heparini iwe na lebo inayosema hivyo, pamoja na kiasi, ili anayefuata avute kwanza kabla ya kusukuma.

Kama utachukua damu ya kupima muda wa kuganda, ichukue kwenye mshipa mwingine. Mabaki kidogo ya heparini yanatosha kumfanya mgonjwa mzima aonekane damu yake haigandi.

## Ikikataa kupita

Usilazimishe. Ukinzani ni taarifa. Isikilize kabla ya kuongeza nguvu ya kidole.

Anza na yaliyo nje. Klampu imefungwa? Mrija umejikunja chini ya bandeji au mwili wa mgonjwa? Kiunganishi chenyewe kimeziba? Kibadilishe ujaribu tena. Kisha mwambie mgonjwa ageuze kichwa, ainue mkono, akohoe, avute pumzi ndefu. Ncha ya katheta ikiwa imelalia ukuta wa mshipa, mara nyingi hapo hujinasua.

Jiulize ilianza lini. Iliyoziba ghafla baada ya dawa mbili kufuatana huenda ina chembe za dawa, na dawa ya kuyeyusha damu haitasaidia. Iliyokuwa ikizidi kuwa nzito kwa siku kadhaa, au inayopitisha maji lakini hairudishi damu, huenda ina utando wa damu kwenye ncha. Hiyo inaweza kuokolewa kwa dawa ya kuyeyusha bonge, kwa agizo la daktari. Kuongeza heparini hapo ni kupoteza muda.

Kanula ya mkononi iliyoziba haiokolewi. Itoe, weka nyingine mahali pengine.

Njia moja ya katheta ikiziba na nyingine zikawa nzima, toa taarifa siku hiyohiyo. Bonge lililokaa ndani ya njia iliyoachwa ni makazi ya vijidudu, na maambukizi yake hayabaki kwenye njia hiyo peke yake.

## Siku zinazofuata, kwa aliyewekewa heparini

Jua idadi ya chembe sahani kabla ya kuanza, kisha uliza daktari zipimwe lini tena. Upungufu unaosababishwa na heparini kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya 5 na ya 10. Kwa aliyewahi kupewa heparini karibuni unaweza kutokea mapema zaidi.

Chembe zikishuka kwa nusu au zaidi, au mguu ukivimba ghafla, au pumzi ikibana, simamisha heparini yote: ya dripu, ya sindano ya chini ya ngozi, na ile ya kufungia ambayo hakuna anayeikumbuka. Mwite daktari. Vuta heparini iliyomo kwenye kila njia, suuza kwa maji ya chumvi, ondoa lebo za zamani, na uandike kwenye jalada la mgonjwa, kwenye chati yake na juu ya kitanda: hakuna heparini, hata ya kufungia.